Nani Ameanguka, Mgeni au Mwenyeji?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na sisi tunaoishi kwa kutengeneza kompyuta za ofisi za watu tukakosa Jumapili. Ofisi zilizokuwa zikiahirisha kununua mashine mpya ziliamka kwa pamoja. Zikachukua kompyuta zenye Windows 11, zikahamisha mafaili, zikadhani kazi imekwisha. Kisha mtu akakumbuka ile programu ya zamani ya DOS, ambayo ndiyo hasa inaendesha ofisi.

Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haina kile kipande kilichokuwa kinaziwezesha programu za DOS zifunguke ndani yake. Njia inayobaki ni emuleta, yaani programu inayojifanya kompyuta nzima ya zamani: prosesa, memori, kibodi na diski, vyote vya kuigiza, ili programu ya mwaka 1993 iamini iko nyumbani. Programu inayoishi humo ndani tunaiita mgeni. Mashine halisi iliyo mezani ni mwenyeji.

Kati ya simu nilizopokea ilikuwemo ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa mkoani Kilimanjaro. Leja yao, yenye kilo za kila mkulima, malipo ya awali na malipo ya pili, iliandikwa kwa Turbo Pascal. Emuleta walikuwa nayo siku nyingi, na fundi aliyewaletea mashine mpya aliihamisha na folda yake nzima. Walipoibonyeza, dirisha jeusi likatokea, likapotea. "Inazima kabla haijawaka," mama mhasibu aliniambia, na sijasikia maelezo bora ya hitilafu hiyo hata kwa watu wenye shahada.

Nitaeleza tulichokifanya kule. Lakini kila hatua niliyopiga nilikuwa nimefundishwa na mashine nyingine zilizokataa kuwaka, kwa hiyo nianze na hizo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi jijini Dar es Salaam, na Turbo Pascal ndiyo lugha tuliyosomeshwa. Maabara ilikuwa na 486 zilizochakaa, zenye kibodi zilizofutika herufi. Kisha zikaja Pentium II chache, bado zina nailoni kwenye vioo. Tulizigombania. Tukaingiza flopi zetu, tukaendesha kazi za mwisho wa muhula, na kila iliyotumia Crt, ile maktaba ya rangi na ya kupanga maandishi kwenye skrini, ikafa papo hapo kwa maneno yaleyale: Runtime error 200. Kitabu kilisema 200 maana yake umegawanya kwa sifuri. Jirani yangu hakuwa amegawanya kitu chochote. Programu yake iliandika jina lake kwa rangi ya kijani, basi.

Uvumi wa vairasi ulikuwa umeshaenea maabara nzima mwalimu wetu alipoingia. Aliiweka flopi ya jirani yangu kwenye 486, jina likatokea la kijani. Akaihamishia kwenye Pentium II, ikafa. Akarudia. Hakusema neno. Akachukua chaki, akaandika ubaoni 18.2, na chini yake 55.

Saa ya ndani ya PC hugonga takriban mara 18.2 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 55 hivi. Programu yenye Crt, kabla hata ya mstari wa kwanza wa mwanafunzi kuanza, ilijipima. Ilitaka kujua mashine ina kasi gani, ili ikija kuambiwa isubiri milisekunde 100 isubiri kweli milisekunde 100. Kwa hiyo ilizunguka kitanzi kitupu, ikahesabu mizunguko iliyopita kati ya pigo moja la saa na jingine, ikagawanya kwa 55. Jibu lilipaswa kukaa kwenye rejista ya biti 16, isiyobeba zaidi ya 65,535. Mwaka 1992, toleo la 7 lilipotoka, hiyo ilikuwa nafasi ya kumwaga. Prosesa za ukoo wa Pentium II zilipopita megahezi 200 hivi, mizunguko ikapita milioni 3.6 kwa pigo moja la saa, na jibu likafurika. Prosesa za Intel, jibu la kugawanya likifurika, hupiga kengele ileile zinayopiga ukigawanya kwa sifuri. Turbo Pascal ilisikia kengele ikaripoti kwa jina ililolizoea.

Nilitoka pale na jambo moja ambalo limenisaidia kuliko nusu ya masomo ya chuo kile: maneno ya hitilafu husema kweli kuhusu amri iliyogoma, na mara nyingi hayana habari yoyote na sababu. Jambo la pili lilichelewa kuniingia. Nilikuwa nikidhani programu ikifa mwanzoni kabisa basi imeoza yote. Siku hizi naona kinyume chake. Mwanzoni ndipo programu inapoipima mashine iliyokabidhiwa, inauliza kasi, inaomba memori, inatafuta skrini. Ikifa hapo, kwa kawaida yenyewe haijaharibika. Imekuta mashine tofauti na ile iliyosimuliwa na aliyeiandika.

Mwalimu yuleyule alipenda kutusimulia habari ya Paul Allen na Bill Gates mwaka 1975. Walitaka kuandika lugha ya BASIC ya kompyuta ya Altair, lakini Altair yenyewe hawakuwa nayo. Allen akaandika, kwenye mashine ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, programu iliyoiga prosesa ya Altair, 8080, kwa kufuata maelezo ya kitabu chake, na BASIC ikajaribiwa ndani ya mwigo huo. Kisha akapanda ndege kwenda Albuquerque, na akiwa angani akaandika kipande cha kuipakia. Pale ikawekwa kwenye Altair halisi kwa mara ya kwanza, ikaulizwa 2 jumlisha 2, ikajibu 4. Sisi tulikuwa tunashangilia ujasiri wa vijana wale. Leo nikiikumbuka hadithi hiyo navutiwa na 8080. Ilikuwa imeandikwa kitabuni, biti kwa biti, na anayefuata kitabu kwa uaminifu anaweza kuiiga bila kuigusa. Hakuna anayekuja mwaka unaofuata kuibadilisha.

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme, kwenye ofisi iliyotaka mfumo wake wa zamani uhamie Linux bila kuandikwa upya. Niliagizwa nijaribu QEMU, emuleta aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Kuipata tu kulikuwa na safari yake. Kebo ya SEACOM ilikuja kufika pwani yetu mwaka 2009. Kabla ya hapo tulipakua kwa setilaiti, usiku, tukiomba TANESCO isifike kwenye zamu yetu kabla faili halijafika mwisho.

QEMU ya wakati ule ilidai ijengwe kwa kompaila ya GCC toleo la 3, na Linux yetu ilikuja na toleo la 4. Kulikuwa na swichi ya kuuruka ukaguzi huo. Mwenzangu akairuka. Kompaila ikanung'unika, QEMU ikazaliwa, na ilipowashwa ikafa hapohapo. Bosi hakuwa na shaka: mfumo wa zamani umeoza, tafuteni pesa tununue mwingine.

Hapa inabidi nieleze emuleta inavyofanya kazi, maana matatizo yote yanayofuata yanachimbuka mahali pamoja. Inaweza kumsomea mgeni amri moja moja na kuitekeleza. Hiyo ni njia ya ukalimani, salama lakini ya polepole. Au inaweza kulichukua fungu zima la amri za mgeni, ikalitafsiri kuwa amri za prosesa ya mwenyeji, ikaliandika kwenye memori, kisha ikalirukia liendeshwe moja kwa moja. Njia ya pili ina kasi mara nyingi zaidi, na ndiyo ya QEMU.

Bellard hakutaka kuandika mfasiri mpya kwa kila aina ya prosesa. Aliandika vitendo vidogo vidogo kwa lugha ya C, akaiachia GCC ivigeuze kuwa amri za mashine, kisha chombo chake kilichoitwa dyngen kikakata kila kitendo, kikatupa ile amri ya mwisho ya kurudi, ili wakati wa kazi vipande viungwe kimoja baada ya kingine. Ni kazi ya fundi cherehani anayeunga viraka: kila kitambaa anakikata pindo la chini ili kishikane na kinachofuata. Ilikuwa akili kubwa. Ila ilitegemea jambo ambalo GCC haikuwahi kumwahidi mtu, kwamba pindo litakuwa chini siku zote. Toleo la 4 likaanza kuliweka popote lilipoona panafaa, hata katikati ya kitambaa.

Tuliisimika GCC 3 pembeni, tukaijenga QEMU upya, na mfumo wa zamani ukafunguka kama ulivyokuwa. Haukuwa umeoza. Bosi aliutazama mdomo wazi, kisha akauliza kama sasa printa nayo itafanya kazi. (Haikufanya, lakini hiyo ni hadithi nyingine na ina matusi.) Miaka mitatu baadaye, katika toleo la 0.10, QEMU iliachana na dyngen ikachukua mfasiri mwingine, TCG, anayezitunga amri yeye mwenyewe bila kuotea tabia za kompaila.

Ni baada ya tukio hilo nilipoanza kuuliza swali ambalo vijana wa ofisini kwangu wamelichoka: nani ameanguka, mgeni au mwenyeji? Prosesa ya 8086 ya mwaka 1978 haitabadilika tena. Leja ya kahawa ya miaka ya tisini haitabadilika tena. Wakishaigizwa vizuri mara moja, wameigizwa. Upande wa mwenyeji ndio hautulii: kila mwaka una kompaila mpya, Windows mpya, prosesa mpya, sheria mpya za usalama. Watu wakiona programu kongwe imegoma huielekezea kidole hiyo kongwe, kwa sababu ina sura ya uzee. Mimi nimezoea kumtazama kwanza kijana aliyekaa chini yake.

Sheria mojawapo ya hizo mpya niliikuta kwenye seva ya taasisi fulani, miaka michache baada ya QEMU. Kulikuwa na emuleta nyingine, ndogo, iliyoandikwa na watu wa kujitolea, na ilikuwa ikifanya kazi vizuri kwenye mashine kuukuu. Kwenye seva mpya ya biti 64 ilikufa ikianza. Niliifungua ndani ya gdb, chombo cha kuichungulia programu inapokufa.

Gdb ilisema programu imepokea SIGSEGV, yaani imegusa memori isiyoruhusiwa. Mahali ambapo kwa kawaida huandika jina la kazi iliyokuwa ikiendeshwa, iliweka alama mbili za kuuliza. Nikaiomba inionyeshe amri zilizopo kwenye anwani ile. Zilikuwepo, na zilisomeka bila wasiwasi: push, mov, tena mov, hakuna hata moja iliyokwenda kugusa mahali pa ajabu. Halafu nikaomba anwani iliyosababisha kosa, nikaiweka karibu na anwani ya amri iliyokuwa ikitekelezwa. Zililingana tarakimu kwa tarakimu. Prosesa haikuwa imekwama kwa kusoma au kuandika mahali pabaya. Ilikuwa imekataa kuitekeleza amri yenyewe, pale ilipokaa.

Jibu lilikuwa kwenye orodha ya maeneo ya memori. Linux huandika herufi ndogo mbele ya kila eneo: r kwa kusoma, w kwa kuandika, x kwa kuendesha. Mbele ya eneo ambalo mfasiri alikuwa ameandika kazi yake yote palikuwa na rw, kisha kistari. Hakukuwa na x. Tangu mwaka 2003, kwa Athlon 64 ya AMD, prosesa za ukoo huu zimekuwa na biti inayoiambia mashine kwamba ukurasa huu wa memori ni wa data tu, usiuendeshe. Mwaka huohuo OpenBSD ilianza kushika kanuni kwamba ukurasa wa memori ama uandikwe ama uendeshwe, lakini si vyote viwili. Windows XP ikapata kinga ya namna hiyo kwenye Service Pack 2, mwaka 2004. Kisa chake ni wadukuzi waliokuwa wakipenyeza amri zao ndani ya data, kisha wakaihadaa programu iziendeshe. Na emuleta yenye mfasiri hufanya kazi yake kwa njia hiyohiyo ya mdukuzi: inaandika amri ndani ya data, kisha inaziendesha. Mashine haina namna ya kumtofautisha anayefanya hivyo kwa nia njema, mpaka ajitambulishe kwa kuiomba ruhusa.

Waandishi wa emuleta ile waliomba memori ya kawaida, kama ya kuwekea majina ya watu. Enzi zao ilitosha. Marekebisho yalikuwa mafupi: kuomba memori kwa njia rasmi, ukitaja kwamba itaendeshwa. Tangu siku ile, programu ya aina hii ikinifia mikononi, jambo la kwanza ninalolitazama ni zile anwani mbili.

Sasa nirudi Kilimanjaro. Nilipanda basi, maana kuna mambo ambayo kwa simu hayaonekani. Mama mhasibu nilimkuta na madaftari makubwa mawili ameyatandaza mezani; tangu mashine mpya zilipoingia alikuwa anaandika kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa uione maajabu."

Akaibonyeza. Dirisha jeusi, kisha meza tupu ya Windows. Akanitazama kwa ushindi wa mtu aliyeambiwa na watu wengi kwamba anabonyeza vibaya.

Windows huweka daftari la programu zilizokufa, na watu wachache hulifungua. Nililifungua. Jina la tukio lilikuwa BEX, kosa namba c0000005, moduli haijulikani, na chini kabisa tarakimu ambayo ningeitambua hata usingizini: 00000008. Sifuri pale humaanisha programu ilikufa ikisoma, 1 ikiandika. Nane humaanisha ilikufa ikijaribu kuendesha memori isiyoruhusiwa kuendeshwa. Ilikuwa hitilafu ileile ya seva, imevaa nguo za Windows.

Swali likawa: kwa nini sasa? Emuleta hii ilikuwa ya biti 32, na Windows za mezani, usipozigusa, hukiachia kikundi hicho cha programu kijichagulie kama kinataka kinga hiyo. Kwa hiyo emuleta ilikuwa ikisamehewa miaka yote. Fundi aliyesimika mashine mpya alikuwa ameingia kwenye mipangilio, akachagua kinga hiyo iwe kwa programu zote isipokuwa zitakazotajwa. Hakutaja hata moja.

Kabla ya kugusa chochote nilimfungulia mama mhasibu faili la mipangilio la emuleta, nikambadilishia neno moja: iache kutafsiri, ikalimani. Dirisha likafunguka, likakaa. Prosesa ya 8086 ikiwashwa huanza kusoma amri kwenye anwani FFFF0, baiti 16 kabla ya megabaiti ya kwanza kwisha, na kwa wiki nzima emuleta yake ilikuwa ikifa kabla mgeni hajamaliza hata amri hiyo moja ya kwanza. Sasa ilipita. Leja ikatokea na mistari yake ya njano kwenye bluu. Kwa ukalimani ilikuwa nzito, kuchapa orodha ya wakulima kulimtosha mtu kwenda kununua maandazi, lakini kazi iliendelea. Na mimi nilipata uthibitisho niliokuwa nautaka, kwamba mgeni ni mzima na ugonjwa uko kwa mfasiri.

Mradi ulioitengeneza emuleta ile umekufa, ila msimbo wake ulibaki wazi kwa yeyote. Nilikaa nao nyumba ya wageni jioni ile. Penye ombi la memori ya kawaida niliweka VirtualAlloc, njia rasmi ya Windows. Ningeweza kuomba memori ya kuandikwa na kuendeshwa kwa pamoja, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Sikupenda. Ofisi ya ushirika hupokea flashi kutoka kila kata, na memori yenye ruhusa zote mbili ndiyo hasa anayoitafuta mwenye nia mbaya. Nikafanya zamu: mfasiri anaandika akiwa na ruhusa ya kuandika tu, kisha ukurasa unafungwa kwa kuandika na kufunguliwa kwa kuendesha. Kompyuta za Apple zenye prosesa zake, kuanzia M1 ya mwaka 2020, hazikuachii njia nyingine, na emuleta nyingi zililazimika kubadilishwa kwa sababu hiyo. Kubadili ruhusa kila mara kunagharimu muda, kwa hiyo nikaifanya itafsiri mafungu mengi kwa mkupuo kabla ya kubadili. Pia nikaongeza kitu ambacho naona waandishi wa programu hizi wanakionea haya: ikinyimwa memori, ifungue kisanduku kisemacho imenyimwa nini, badala ya kutoweka kimya.

Asubuhi nikaiweka, nikarudisha neno la kutafsiri, mama mhasibu akabonyeza. Dirisha likafunguka kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Likaonyesha herufi C na mshale wa DOS, na juu yake mstari mmoja wa Kiingereza.

"Imezima tena," alisema.

Mstari ule ulisema Runtime error 200.

Nilicheka mpaka akaja mlinzi. Kwa macho ya mama mhasibu ilikuwa hitilafu ileile ya jana, programu haifunguki na kahawa haihesabiki. Kumbe safari hii mwenyeji alikuwa salama salimini, mfasiri anafanya kazi kwa kasi ambayo 486 haikuiota, na aliyeanguka ni mgeni. Leja ilikuwa imejipima wakati wa kuanza, kama ilivyofundishwa mwaka 1992, ikakuta jibu halikai kwenye biti 16. Kwenye mashine ya zamani emuleta haikuwahi kufikia kasi hiyo, na kwa ukalimani pia haikufika.

Kulikuwa na njia mbili. Ningeweza kuifungua leja yenyewe, nikaitafuta ile 55 ndani ya baiti zake na kuweka namba kubwa zaidi. Watu wengi walifanya hivyo kwenye programu zao miaka ile, na vipande vya kurekebishia vilisambazwa. Lakini leja ile inashika hela za watu, aliyeiandika ameshafariki, na sioni sababu ya kumgusa mgeni wakati ninaweza kumwekea mazingira aliyoyazoea. Nikaenda kwenye mipangilio ya emuleta, palipoandikwa kasi iwe ya juu kabisa, nikaweka kikomo kinachokaribia cha 486 nzuri. Leja ikafunguka. Mama mhasibu akaingiza namba ya mkulima mmoja, akatazama salio, akalilinganisha na daftari kwa kidole, akasema, "Haya."

Mwenyekiti wa chama aliniuliza kama sasa wasiandikiwe programu mpya kabisa. Nilimwambia waandikiwe, ila bila haraka, na kwanza data itolewe kwenye mafaili ambayo programu yoyote inaweza kuyasoma. Kazi hiyo tunaifanya sasa, msimu kwa msimu, na majina yaliyoandikwa kwa namna tatu tofauti yanatuchelewesha kuliko hitilafu zote mbili.

Kabla sijaondoka nilimpigia yule fundi wa mashine mpya. Alikuwa ameshaambiwa na watu wa chama kwamba yeye ndiye aliyeharibu, na sauti yake ilionyesha amejiandaa kwa ugomvi.

"Mkuu, ile kinga niliiweka mimi. Niitoe?"

Nikamwambia asiitoe, wala asiiweke emuleta kwenye orodha ya misamaha, na kwamba aliyoyafanya kwenye mashine zile ndiyo yanayotakiwa kufanywa kwenye ofisi inayoshika hela za wakulima. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama faili jipya linafaa pia kwa Windows 10, kwa sababu kuna vyama vingine viwili chini ya mlima vinavyotumia leja hiyohiyo na havijanunua mashine bado. Nikamtumia faili, na msimbo wake, na namba ya kikomo cha kasi.